Magunia Kumi na Sita

Alhamisi waliniletea magunia kumi na sita,
kila gunia na jina la nchi shingoni:
Samoa, Urugwai, Zimbabwe, Bukini,
na letu, lililofungwa kwa kamba ya viatu.
Yalikuwa mazoezi tu.
Vumbi la Menengai likatoka kwa maji ya kwanza
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Mimi raga siijui.
Sijui kwa nini mpira warushwa nyuma
na mtu akimbia mbele.
Najua madoa.
Nyasi hutaka limau. Damu hutaka maji baridi,
ukiipa moto inakaa milele.
Na jasho la mtu mwenye hofu
halinuki kama la mtu aliyechoka;
iulizeni pua yangu, miaka ishirini na miwili
nyuma ya jiko la hoteli, karai kwa karai.

Ijumaa mvua ilinyesha saa nane, filimbi haikukoma.
Nilisikiliza uwanja kupitia ukutani:
kelele zinapanda, zinapanda, zinakatika
kama kamba ya kuanikia.
Dakika saba, pumzi ya kumeza mate, saba tena,
kisha taifa zima linapanda basi.
Jioni, magunia manane.

Hivyo ndivyo nilivyoujua mtoano:
aliyeshindwa hafui.
Anaukunja uchafu wake mbichi, anaufungia zipu,
anavuka nao mawingu,
na tope la Nakuru linafuliwa Montevideo
na mikono nisiyoijua.

Jumamosi, manne.
Niliyapanga sakafuni, nikayageuza majina.
Kamba ya viatu haikuwemo.
Redio ya mpishi ikasema
asiyekubali kushindwa si mshindani.
Nikaizima kwa kidole cha povu.

Saa tatu usiku mlango wa nyuma uligongwa.
Shikanga, kijana wa Bondeni, namba kumi na moja,
yule ambaye mamake huuza viazi karibu na reli,
nyusi imeshonwa nyuzi nne,
jezi kwapani kama kuku wa wizi.
"Mama Jerioth, nifulie hii moja."
Nikamwambia nyinyi mmeshatoka, hakuna wa kulipa.
Akasema anajua.
Akasimama. Macho yake yakaliangukia gunia la Samoa.
"Alinikaba mita moja kabla ya mstari.
Nikanyoosha mkono nikiwa chini.
Niliugusa, Mama, niliugusa kwa vidole hivi.
Mpira ulikuwa mkono mwingine."

Niliikunjua chini ya balbu.
Damu kwenye kola. Nyasi mgongoni, tope kifuani,
na kwenye pindo la kulia, vidole vitatu vyeupe:
chokaa ya mstari, pale alipojifuta.

Damu niliitoa kwa maji baridi,
mamake asije akaiona asubuhi.
Nyasi, limau. Tope, nguvu za mabega.
Chokaa ndiyo kazi nyepesi kuliko zote,
unakung'uta tu, inaruka.

Sikuikung'uta.
Nililishika pindo juu, kavu, kwa mkono wa kushoto
na kufua kwa wa kulia hadi kiuno kikanikatika.

Baadaye, ndani ya gunia la Samoa,
nilikuta jezi moja yenye damu begani,
na lile bega halikuwa na tundu wala mkwaruzo.
Damu ya Shikanga.
Nayo, maji baridi.

Asubuhi upepo wa ziwani, wenye harufu ya magadi,
ukaivaa kumi na moja kwenye kamba,
ukaikimbiza papo hapo, mikono imejaa, bila kufika popote.
Alikuja kuichukua kabla ya filimbi ya kwanza.
Aliliona pindo. Hakusema kitu.
Aliuliza bei, nikamtajia ya jezi moja, ile ile ya kila mtu,
naye akanihesabia sarafu
kwa mkono ule uliogusa.